Maharusi Wasio na Kitanda

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mama Vanishi bado anaimba akipaka rangi, au umeshampiga marufuku? Sisi huku wazima. Mimi nimewekwa kaunta ya vifurushi hapa posta, na nimejua kufunga kamba kwa fundo ambalo hata wewe ungelikubali, ingawa usingesema. Mume wangu anaoka mikate kwenye kile kiwanda kipya kilichotufanya tuhame mbiombio. Anatoka alfajiri watu wamelala, anarudi ananukia kama mkate wenyewe.

Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Barua haikatiki. Ungeweza kuichana, lakini nimeandika upande mmoja tu, na nakujua: huwezi kuchana karatasi ambayo upande wa pili bado unafaa kuchorea meza.

Najua una hasira. Wewe ndiye uliyenilea, nami nimeolewa ofisi ya msajili mbele ya mashahidi wawili, wewe uko karakanani na randa yako hujui lolote. Ukaja kupata habari kwa picha kwenye simu. Leo sijitetei.

Leo nakutumia flashi. Ndani yake kuna katuni ya Kijapani, zile wanazoziita anime, sehemu kumi na mbili. Ni hadithi ya vijana wawili wanaooana ghafla, kijana mchora ramani na msichana muuza maua. Wanakutana kwenye mvua, wanasimama chini ya mwavuli mmoja, na mwavuli haujakauka wameshakuwa mke na mume. Tuliitazama tulipohamia hapa, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaona ukiitazama utaelewa kidogo kwamba jambo linaweza kwenda haraka na bado likawa zuri. Maandishi ya chini ni ya Kiswahili. Vaa miwani.

Tuna chumba kimoja na kijibaraza. Pazia la bluu, ndoo mbili, jiko la gesi, saa ya ukutani inayochelewa, kabati la nguo ambalo mlango wake unalia kila ukiufungua, na dirisha linaloangalia uwanja wa kuanikia nguo. Kuta amepaka rangi mume wangu mwenyewe, na sehemu alizoruka nimezificha kwa kalenda.

Njoo utuone, Shangazi. Siombi zawadi. Naomba uje ukae kwenye kiti chetu siku moja, umtazame mume wangu usoni, kisha useme unachotaka kusema.

Mwanao,
Msasa


2 Machi

Msasa,

Marahaba. Mgongo uko palepale, nyuma. Mama Vanishi anaimba bado. Nimemwambia aimbe wakati mashine inakata, tusikie moja tu kati ya makelele mawili. Baba yako, huyo kaka yangu, alipita na lori lake, akala, akalala, akaondoka na nyundo yangu. Yule mteja wa kabati la milango mitatu amerudi, sasa anataka minne. Kabati ni lilelile.

Flashi imefika. Nimetazama sehemu nne, kwa kuwa umeme ulikuwepo na gundi ilikuwa haijashika. Usidhani nimetazama kwa ajili yako.

Nianze na mwavuli. Mwavuli wa kawaida upana wake ni sentimita tisini. Mabega ya watu wawili, wembamba kama hao, ni sentimita themanini wakigandana, na hao hawakugandana, waliachana nafasi ya mtu wa tatu. Kwa hiyo lazima mmoja alowe. Katika katuni hakuna aliyelowa. Hapo hapo nikajua nadanganywa, na hata jina la hadithi lilikuwa halijatoka kwenye kioo.

Halafu hiyo haya yao. Wameshaoana, hati wanayo, lakini kijana akimgusa kidole, binti anakuwa rangi ya kabati lililopakwa vanishi mara tatu. Sehemu ya tatu nzima, dakika ishirini na nne, wanajiuliza kama washikane mikono au wasishikane. Mimi kwa dakika ishirini na nne naunga stuli na nafagia chini yake.

Binti anapika, anafua, anakunja, anatabasamu, na macho yake ni makubwa kuliko sahani anazoosha. Haumwi kichwa. Hana rafiki. Hana jambo ambalo halitaki. Kijana naye hana kosa hata moja: hakoromi, hasahau, haachi taulo bichi kitini. Hicho si kitu kilichokamilika, Msasa. Hicho ni kitu ambacho fundi wake amekiachia njiani akaenda kunywa chai.

Mama Vanishi alilia sehemu ya pili. Nikamuuliza, "Unalia nini?"

"Wanapendana, Bosi."

"Wanapendana wapi? Hawa wanasalimiana tu."

"Sasa si ndiyo kupendana kwenyewe?"

Nikamrudisha kwenye brashi yake.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni pale pa kulala. Wanatandika godoro sakafuni, wanalisukuma ukutani, mwanamume upande wa ukuta, mke upande wa nje. Bwana akitaka kuamka mapema inabidi amruke mkewe kama anaruka kopo la rangi. Nilisimamisha picha nikakipima chumba kwa kukilinganisha na mlango. Nafasi ipo! Kitanda kinaingia na kinabakisha. Kitanda cha ndoa hakisukumwi ukutani, kinaachiwa njia kila upande, kila mtu ashuke kwa miguu yake bila kuomba ruhusa. Hilo nilikufundisha ukiwa bado hufikii jiliwa la kubania mbao.

Katika barua yako umetaja pazia, ndoo, jiko, saa, kabati na dirisha. Hata kalenda umeitaja. Mimi kazi yangu ni vitanda. Kitanda hukukitaja.

Saa ikichelewa badilisheni betri. Bawaba za kabati zipakeni sabuni kavu.

Kazi zimebana huku.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Betri tumebadilisha, sasa saa inawahi. Bawaba tumezipaka sabuni, kabati limenyamaza mpaka tunalikumbuka.

Hapa kaunta mambo ni yaleyale. Jana bwana mmoja alileta kifurushi cha kwenda nyumba ya jirani yake. Nikamwambia, "Mzee, si umpelekee kwa mkono?" Akasema, "Hatusemezani." Nikakipima, nikakibandika stempu, na nikakufikiria wewe.

Barua yako nilimsomea mume wangu. Kwenye mwavuli alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Shangazi yako yuko sahihi kabisa. Siku ile kituoni uliponipa nafasi kwenye mwavuli wako, bega langu la kushoto lililowa hata uyoga ungeota." Maana na sisi tulikutana hivyo, Shangazi, ndiyo sababu katuni ile ilituchekesha. Halafu akaniuliza, "Anapenda mkate wa aina gani?" Nikamwambia unapenda wa jana, kwa sababu wa leo haukatiki vipande sawa.

Sasa niitetee katuni yangu. Hiyo ni hadithi ya watu wanaofurahi tu. Lazima kila hadithi iwe na mtu wa kupima? Nakubali binti hana rafiki, na nakubali kijana ni kama mtakatifu aliyenyolewa vizuri. Lakini haya yao usiicheke. Na sisi tulioneana haya. Wiki ya kwanza tulikuwa tukipishana mlangoni kama wageni wawili hotelini: "Samahani." "Hapana, tangulia wewe." "Aa, samahani mimi." Chai ikapoa. Kwa hiyo dakika ishirini na nne za mikono mimi nilizielewa, ila wewe na stuli zako hamwezi.

Kuhusu kulala, tunalala vizuri, usiwe na wasiwasi. Chumba si kidogo hivyo. Ukuta wa kichwani niliupima kwa shibiri yangu, kumi na sita. Hakuna anayebanwa.

Barua yako ilikuwa ndefu, na imejibu kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichouliza. Unakuja?

Mwanao,
Msasa


25 Aprili

Msasa,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Tulikuwa na viti vya ukumbi, vyote vya migongo ya mviringo, na mviringo unakula muda. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni sehemu ya tisa.

Kaka yangu mzima, lori bovu. Mama Vanishi amepata miwani mipya, sasa anaona madoa yake mwenyewe na amepunguza kuimba.

Nimemaliza katuni. Sehemu ya tano wameshikana mikono hatimaye, na Mama Vanishi akapiga makofi brashi ikiwa mkononi. Ukuta wangu una alama mpaka leo. Sehemu ya sita wanakwenda kununua vikombe viwili. Sehemu nzima, Msasa! Wanaviinua, wanaviweka, wanatazamana, wanavirudisha. Muuza duka yule alikuwa na subira kuliko wote mle ndani, na yeye ndiye hakupewa hata jina. Sehemu ya saba kijana kapata mafua. Ya nane nimelala.

Sehemu ya tisa wanapiga picha ya harusi. Upande wa kijana kuna baba, mama, dada, bibi na paka. Upande wa binti kuna ukuta. Nikasema sawa, sasa mtu atauliza. Nikangoja. Hakuna aliyeuliza. Mpiga picha akawaambia wasogee katikati ili ule ukuta usionekane, wakacheka, muziki ukapigwa. Nikangoja mpaka sehemu ya kumi na mbili, maua yanaanguka, majina ya wachoraji yanapanda, na hakuna mtu hata mmoja, hata yule paka, aliyeuliza: huyu binti kalelewa na nani?

Anajua kufunga shada. Anajua kukunja shuka kona kwa kona. Anajua kuamkia wakubwa. Hakuzaliwa anajua. Kuna mtu alimshika mkono akamwonyesha. Kuna mtu alimnunulia viatu vya shule vikubwa kuliko mguu, akaweka pamba mbele ili vidumu. Yuko wapi mtu huyo? Karatasi ya kuchorea paka ilikuwepo, ya kumchorea yeye ikakosekana?

Hayo ndiyo mapungufu ya katuni yako. Mengine yote ni vumbi la msumeno, unapuliza linaondoka.

Mimi nilianza na msumeno mmoja kwenye kibanda kisicho na mlango, na wewe umekaa juu ya rundo la maranda unakula muwa wako. Sijazoea kulalamika, nimezoea kurekebisha. Lakini nirekebishe nini hapa? Picha mbili na alama ya moyo. Hata baba yako, ambaye hajui mwezi uliozaliwa, alijua kabla yangu.

Basi. Gundi inaganda.

Shangazi yako

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli ya seremala:)

Msasa ni mimi Mama Vanishi, nimepewa barua niipeleke posta. Sehemu ya tisa kaitazama mara tatu. Na zile mbao za mvule zilizoko darini, zile anazozigeuza kila mwaka zisipinde na akiulizwa anasema za mteja, juzi kazishusha, kazifuta vumbi, kazinusa, kazipandisha tena. Mimi sijakwambia kitu.


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Sitaandika habari za posta leo, nitaandika jambo lenyewe.

Kiwanda kilimtaka mume wangu aanze kazi mara moja, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Aliniuliza kama ningekwenda naye. Nilitaka kwenda. Niliondoka kwangu asubuhi ile nije kukwambia, nikafika mpaka kwenye geti la karakana. Nikakusikia ndani unamfokea mteja: "Kitanda hakiharakishwi! Ukitaka cha haraka kalale kwenye boksi!" Nikasimama pale na mkono kwenye komeo. Nikajua nikiingia utasema nisubiri mpaka kitanda changu kiishe, na mbao ni hizo za darini, hazijaguswa. Sikuogopa kwamba ungenikataza. Niliogopa kwamba ungeniambia subiri, nami ningekutii. Nikageuka.

Ulichoniuliza Machi nakujibu sasa. Hatuna kitanda. Godoro liko sakafuni, limesukumwa ukutani, yeye upande wa ukuta mimi upande wa nje. Kila alfajiri ananiruka kama kopo la rangi. Juzi hakuruka vizuri, akaniangukia, tukaamka wote pamoja na jirani.

Sababu siyo uwezo. Ameshanibembeleza tukachukue kitanda dukani mpaka amechoka. Nimekataa. Anasema, "Mke wangu, tunamsubiri nani?" Sasa utanijibia wewe. Nilikuwa darasa la tatu, nimekushikia ncha ya ubao unaukata, ukasema bila kuinua macho: "Chako nitakitengeneza mimi, na mtu mwingine asikugusie msumari." Nimelala kwenye vitanda vyako maisha yangu yote, Shangazi. Sijui kulala kwenye cha mtu mwingine.

Katuni nimeirudia. Una haki juu ya sehemu ya tisa, na nimeona aibu kwamba sikuliona hilo mwenyewe. Lakini tazama tena sehemu ya kumi na moja, pale binti anaposimama kutia barua kwenye sanduku la posta. Nyinyi wote mlitazama uso wake. Mimi ni mtu wa posta, nilitazama bahasha. Ni nene, ina stempu mbili. Mtu habandiki stempu mbili kumwandikia rafiki. Anwani hawakuionyesha, ila mimi nadhani ile barua ilikuwa inakwenda kwa shangazi yake.

Unakuja?

Msasa


20 Mei

Msasa,

Marahaba. Wazima. Kaka yangu amerudisha nyundo, si yangu.

Kama barua ile ilikuwa ya shangazi yake, basi sehemu ya kumi na mbili ilipaswa kuonyesha jibu. Haikuonyesha. Hiyo nayo ni kasoro.

Nataka vipimo vya chumba. Ukuta wa kichwani, ukuta wa pembeni, upana wa mlango, na kutoka sakafuni mpaka ukingo wa dirisha. Msikisie. Sijasema ni vya nini.

Na kufoka ni kufoka kwa wateja. Wewe ulikuwa mteja?

Shangazi yako


29 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kuliko zote, na nimeisoma kuliko zote.

Futi hatuna. Ya jirani imekatika mwanzoni, inaanzia saba, tukaona itatutia kwenye kesi. Tumepima kwa shibiri kama ulivyonifundisha, kidole gumba na cha mwisho vimekazwa, bila kuruka wala kurudia:

Ukuta wa kichwani, shibiri kumi na tatu na vidole vitatu. Wa pembeni, kumi na tano. Mlango, tatu na nusu. Dirisha, nne kutoka chini.

Sijauliza ni vya nini.

Msasa


11 Juni

Msasa,

Marahaba. Chumba chenu kinasinyaa? Machi ukuta wa kichwani ulikuwa shibiri kumi na sita. Mei umekuwa kumi na tatu na vidole vitatu. Nilitaka kukuandikia kwamba umesahau kupima, nikaona kwanza nikae na kalamu.

Ukuta hautembei. Kwa hiyo mkono ndio uliobadilika. Shibiri yako naijua, ni sentimita kumi na tisa. Niliichonga kwenye ukingo wa meza ya kazi ulipoacha kurefuka. Kumi na sita mara kumi na tisa ni mia tatu na nne. Toa vidole vitatu, tuseme sentimita tano, inabaki mia mbili tisini na tisa. Gawanya kwa kumi na tatu. Ishirini na tatu kamili, hakuna kinachobaki.

Nimeirudia hesabu mbele ya Mama Vanishi. Akasema, "Bosi, huo mkono ni wa mwanamume." Nikamwambia hilo hata kipofu kaliona.

Ukutani pako pana mtu mwenye shibiri ya sentimita ishirini na tatu. Na nitakwambia kitu kingine: hakukisia. Mtu akipima kwa mkono, akifika shibiri ya tano anachoka, anaanza kulegeza, anakutajia namba ya kumaliza kazi. Huyu alikaza kumi na tatu zote sawa, na kipande kilichobaki akakihesabu kwa vidole badala ya kukimeza. Nimeshawafukuza mafundi wawili waliokuwa wanameza vipande.

Kwa hiyo usinifiche tena mtu nyuma ya namba. Umeniandikia mara nne na kila ukimtaja ni "mume wangu", "mume wangu", kama mzigo ulio kaunta yako. Mimi siwezi kukata mvule kwa mkono nisioujua. Nitumie mkono wake. Auweke juu ya karatasi, akaze vidole, auzungushie penseli, alete.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi, mwoka mikate. Mkono ndio huo hapo chini. Doa kwenye kidole gumba ni siagi, niwie radhi, nilikuwa nimetoka kazini na yeye hakutaka ningoje hata kunawa.

Mwavuli wake niliupima kwa shibiri baada ya barua yako ya kwanza. Ni nne na vidole viwili, kwa hesabu yako sentimita tisini na tano. Hata hivyo nililowa.

Maneno mazuri sina. Najua kazi yangu. Mkate ukikimbizwa kwenye tanuri unaiva juu, katikati unabaki unga. Sisi tulikimbia, na wewe una haki ya kuwa na shaka. Mimi nasema katikati tumeiva. Ila usichukue neno la mwokaji. Mkate unabonyezwa na anayeula. Njoo ubonyeze.

Ningekuja mwenyewe getini siku ile kama angeniambia ameishia pale. Hakuniambia mpaka Mei.

Mkweo, ukikubali neno hilo

(Chini ya mkono uliochorwa:)

Alikataa nimsaidie kuandika. Siagi imepita mpaka upande wa pili, hapo meza haichoreki. Samahani.
Msasa


7 Julai

Wanangu,

Marahaba, na marahaba. Mkono umefika. Niliuweka kwenye ukingo wa meza ya kazi, juu ya alama ya Msasa, nikachonga alama ya pili. Ishirini na tatu kamili. Siagi nayo imeingia kwenye mbao, imeng'arisha pale vizuri kuliko vanishi, na Mama Vanishi amenuna.

Kitanda kimekwisha. Kiko vipande, kinaungwa kwa bolti, kitapita kwenye mlango wa shibiri tatu na nusu bila kuukwaruza. Upana ni sentimita mia moja na sitini. Kikikaa katikati ya ukuta wenu kinaacha sabini na mbili upande huu na sabini na mbili upande ule. Mkwe atashuka kwake kwa miguu yake na hatamruka mtu. Urefu nimeongeza, kwa sababu mwenye shibiri ile hawezi kuwa na miguu mifupi. Ubao wa kichwani nimeushusha usizibe dirisha. Mbao si za mteja, na Mama Vanishi ana mdomo mrefu.

Kaka yangu anakileta kwa lori Jumamosi ya tarehe ishirini. Mimi nitakaa mbele katikati, Mama Vanishi dirishani kwa sababu safari humtapisha. Anasema anakuja kurekebisha mikwaruzo. Mwongo. Anakuja kuona kama mnashikana mikono.

Katuni tumeirudia, alinilazimisha. Msimamo wangu ni uleule: vikombe vinachosha, kijana hajamaliziwa, na yule shangazi walipaswa kumchora. Lakini kuna jambo moja nalifuta. Sehemu ya kwanza, kwenye mvua, nilisimamisha picha nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Bega la kushoto la kijana limetiwa rangi nzito kidogo kuliko la kulia. Limelowa. Alilowa muda wote ule ili binti asilowe, na hakusema. Mimi nilikuwa napima mwavuli, sikumtazama mtu.

Godoro lisimamisheni kabla sijafika, sitaki kulikuta sakafuni. Kiti cha kukaa ninacho humo humo ndani ya lori, hivyo vya kwenu sijavikagua.

Mkate uwe wa jana.

Shangazi yenu